Mdogo wangu ana amiba jichoni, naambiwa dawa yake ni chemba ya oksijeni ya wapiga mbizi. Kuna ukweli?

Kipanga wa Bububu · #1

Asalaam alaykum wadau. Naomba mnisome kwa kituo, uzi huu si wa masihara.

Mdogo wangu wa kike kaolewa Mfungo Mosi. Siku ya harusi alivaa lenzi za rangi, zile za kijivu zinazomfanya mtu atazame kama paka. Kazinunua kwenye duka la vipodozi, hakuna aliyempima wala kumwelekeza. Kichupa cha maji ya kusafishia kilipokwisha, akazisuuza kwa maji ya kisima cha nyumbani na kuzilaza humohumo usiku kucha kwenye kikombe cha chai. Asubuhi akazivaa tena kwa ajili ya picha.

Wiki mbili baadaye jicho la kulia jekundu, machozi hayakatiki, mwanga hautaki, na maumivu yanamwamsha analia. Tulipokwenda kwanza akapewa matone ya antibayotiki. Tulipokwenda pili wakasema ni virusi vya malengelenge, wakabadilisha dawa. Mwezi na nusu umekatika ndipo daktari wa macho mmoja akamkwangua kioo cha jicho, ile ngozi angavu ya mbele, akatwambia mdudu aliyemo ni akanthamiba. Sasa tunamtia matone kila saa, usiku na mchana, nyumba nzima tumekuwa walinzi.

Jana binamu yangu anayefanya kazi na wageni wa kupiga mbizi kule kaskazini kanambia nisihangaike: ile chemba wanayotibiwa wapiga mbizi kwa oksijeni imemponesha Mtaliano mmoja jicho lenye vimelea. Eti vimelea havistahamili oksijeni. Kuna anayejua?

Mpemba Asiyevuka · #2

Pole sana kwa mgonjwa, Mungu amponeshe.

Lakini yakhe, wahenga walisema macho hayana pazia, nyie watu wa mjini mkaona muyatie pazia la kijivu. Bwana harusi alikuwa hamjui bibi harusi ana macho gani?

Bi Mkasi · #3

Mpemba, mzaha baadaye. Kipanga, mie nimekaa kliniki ya macho miaka mingi, si daktari, ni muuguzi. Nakuandikia niliyoyaona.

Huyo amiba yumo kila pahala. Yumo kwenye maji ya bomba, kisima, udongo, bwawa la kuogelea. Tunanawa uso naye kila siku na hatudhuru, kwa sababu kioo cha jicho kizima hakimpi pa kushika. Lenzi inakwaruza kidogo, halafu inamfungia ndani pamoja na maji aliyokuja nayo. Basi keshapata nyumba.

Ana sura mbili. Akiwa na raha anatembea na kula. Akiona dawa anajikunja ndani ya gamba lenye kuta mbili, na humo anaweza kukaa muda mrefu kabisa akisubiri mambo yatulie. Dawa nyingi zinamuua akiwa anatembea, gamba haliguswi. Ndiyo maana mnatiwa kila saa mwanzoni, na ndiyo maana matibabu yake huhesabiwa kwa miezi, si siku. MSIACHE jicho likipoa. Mnaopoteza ni nyie mnaoacha wiki ya tatu kwa sababu wekundu umeondoka.

Kudhaniwa virusi si ajabu, mwanzoni yanafanana mno. Jambo moja: katika hizo dawa za kubadilishwabadilishwa, alitiwa matone ya steroidi? Hayo yanatuliza maumivu na huku yanamwachia mdudu uwanja.

Kipanga wa Bububu · #4

Shukrani Bi Mkasi. Nimeangalia vichupa, kimoja cha mwanzo kina deksamethazoni, ndiyo hiyo steroidi. Kumbe. Sasa yuko kwenye klorheksidini ya asilimia 0.02, wanaichanganya wenyewe, na nyingine tumeagiza kwa mtu anayetoka Ulaya.

Nahodha wa Msuka · #5

Habari ya chemba naijua kidogo maana nimepeleka watu kwa boti hadi kwenye gari inayokwenda huko. Iko Matemwe. Ni kama tangi la chuma, unaingia, unafungiwa, hewa inasukumwa ndani mpaka presha inakuwa kama uko chini ya maji, na huku unavuta oksijeni tupu kwa barakoa. Hewa tunayovuta hapa ina oksijeni asilimia 21 tu. Kule ndani unapata kamili na presha mara mbili na zaidi, kwa mpiga mbizi aliyepanda haraka wanafika 2.8. Oksijeni inayeyuka ndani ya maji ya damu yenyewe, haisubiri kubebwa na chembe nyekundu. Mapovu ya naitrojeni yaliyozuka mwilini kwa kupanda haraka yanasinyaa, mtu anasimama.

Nimeona kijana aliyeletwa miguu haisikii, jioni yake anatembea. Kwa hiyo simkatalii mtu akisema ile kitu ina nguvu. Lakini jicho lenye mdudu? Habari ya Mtaliano nimeisikia na mie, ila kwa sikio tu. Na bei yake ni ya dola, bima ya wageni ndiyo inayolipa.

Mwalimu wa Baiolojia Form Four · #6

Wadau, hapa pana mchanganyo wa amiba wawili na nauona kila mwaka kwenye mtihani.

Amiba wa tumbo, yule wa kuhara damu, anaishi pahala pasipo na oksijeni ya kutosha. Kwake oksijeni nyingi ni sumu. Ndiyo maana metronidazo inamuua: dawa ile inawashwa ndani ya viumbe visivyotumia oksijeni. Huyu wa jicho ni mtu wa hewa safi, anavuta oksijeni kama mimi na wewe, na kioo cha jicho kiko wazi kwenye hewa mchana kutwa. Ukimpeleka Matemwe umempeleka ufukweni kupunga upepo.

Anayesema "vimelea havistahamili oksijeni" kasikia habari ya tumbo akaihamishia jichoni.

Jini la Ng'ambo · #7

Mwalimu hapo nakukatisha. Kuvuta hewa hakumaanishi ukizidishiwa hutadhurika. Binadamu anavuta oksijeni, mpeleke kina kirefu na oksijeni tupu uone kama hatapata kifafa. Nahodha ni shahidi.

Oksijeni ikizidi inazaa zile chembe kali zinazounguza kila kinachoguswa. Dawa ya mseto ya malaria inafanya kazi kwa njia hiyo: artemisinini ina daraja la oksijeni mbili, likikutana na madini ya chuma ndani ya kimelea linavunjika na kumuunguza palepale. Tu Youyou wa China alipewa Nobel 2015 kwa dawa hiyo. Kwa hiyo oksijeni kumuua kimelea si hadithi ya pwani. Suala ni je, inamfikia amiba ndani ya gamba lake kabla haijamfikia mwenye jicho?

Nahodha wa Msuka · #8

Kifafa kweli, ndiyo maana wanawapumzisha kwa dakika chache za hewa ya kawaida. Na masikio, wengi wanalia masikio.

Binti Mwani Paje · #9

Mie naomba kuuliza labda ni ujinga. Jicho halina damu pale kwenye kioo, si ndiyo? Sasa hiyo oksijeni ya damu inafikaje?

Bi Mkasi · #10

Si ujinga hata kidogo, ni suala zuri kuliko yote ya uzi huu.

Kioo cha jicho hakina mishipa, kingekuwa nayo tusingeona kitu. Kinavuta oksijeni moja kwa moja kutoka hewani kupitia machozi. Ukilala, kinaazima kwenye mishipa ya upande wa ndani wa kope, na ndiyo maana asubuhi kioo kinakuwa kimevimba kidogo, ukifumbua kinarudi. Mvaa lenzi kakiziba pumzi. Lenzi za siku hizi za silikoni zinapitisha oksijeni vizuri, zilianza kuuzwa mwisho wa miaka ya tisini, lakini hizo za rangi za harusi nyingi ni za kizamani, na mwenye kulala nazo kakinyonga kioo chake usiku kucha. Ngozi ya juu inachubuka, mdudu anapata mlango.

Kwa hiyo nionavyo mie, oksijeni ina hisa kwenye kuugua na kwenye kupona kidonda. Kumuua mdudu ni jambo jingine. Nishaona jicho ambalo mdudu kafa zamani lakini kidonda hakifungi. Labda Mtaliano alikuwa hapo, akaingia chemba, kidonda kikafunga, yeye akahesabu kuwa kaponeshwa vimelea.

Mwalimu wa Baiolojia Form Four · #11

Hilo nalikubali zaidi. Ingawa mtu aliyekuwa kwenye matone miezi mitano akaenda chemba mwezi wa sita akapona, angepona tu hata angekwenda Forodhani kula urojo.

Mpemba Asiyevuka · #12

Urojo wa Forodhani una pilipili, usimpeleke mgonjwa wa macho.

Shani Sokoni · #13

Wadau mie nimesoma pahala kuwa hidrojeni peroksaidi inamuua huyo mdudu, na ile si ni maji yenye oksijeni ya ziada? Inapatikana kila duka la dawa. Kwa nini asitiwe hiyo badala ya kwenda chemba ya dola?

Bi Mkasi · #14

SHANI USIMWAMBIE MTU HIVYO. Peroksaidi ya asilimia 3 ni ya kusafishia LENZI, ikiwa ndani ya kasha lake, kwa saa kadhaa, halafu lazima itulizwe igeuke maji ya chumvi ndipo uivae. Ni kweli ni katika vitu vichache vinavyomweza mdudu pamoja na gamba lake. Lakini ukiitia jichoni unaunguza.

Tulimpokea msichana wa chuo alivaa lenzi moja kwa moja kutoka kwenye peroksaidi, hakujua kuna kusubiri. Alikuja kashikwa mikono na wawili kwa sababu alikuwa anajikuna macho. Aliona baada ya siku kadhaa, al-hamdulillahi.

Shani Sokoni · #15

Nimefuta kwenye grupu la familia. Nilikuwa nishatuma.

Mzungu Mweusi · #16

Nami niongeze langu, nimeishi Bologna miaka kumi na mbili. Huyo Mtaliano wenu nahisi hakuingia oksijeni, alitumia OZONI. Kule famasi zinauza matone ya macho ya mafuta yaliyotiwa ozoni, mke wangu katumia kwa chekea. Ozoni ni oksijeni tatu zilizoshikana, ni kali mara nyingi kuliko oksijeni ya kawaida, inaua vijidudu kweli kwenye maji. Mtu kasema "ozono", mtu wa boti kasikia "oksijeni", safari ikaanza.

Jini la Ng'ambo · #17

Hii nimeipenda. Ila ozoni ya kuvuta ni sumu kwa mapafu, isije kesho mtu akanunua mashine ya mtandaoni akamfungia dada wa watu chumbani.

Na kuna njia ya tatu hamjaitaja. Kuna madaktari wa Miami wanatia jichoni rangi ya waridi iitwayo rozi bengali, ileile madaktari wa macho wanayotumia kuangalia mikwaruzo, halafu wanamulika taa ya kijani. Mwanga ukiigonga ile rangi, oksijeni iliyomo kwenye kioo inageuka kuwa oksijeni kali kwa muda mfupi mno, na inaunguza kilichonywa rangi. Wametibu wagonjwa wa fangasi na wa akanthamiba walioshindikana kwa matone, baadhi wakaepuka kubadilishwa kioo. Hapo oksijeni ndiyo risasi, mwanga ni kidole kwenye kifyatulio. Chemba haina taa ya kijani.

Mwalimu wa Baiolojia Form Four · #18

Jini, kwa hiyo umeshinda nusu. Oksijeni inaua, ila si kwa kuvutwa.

Jini la Ng'ambo · #19

Nusu naichukua, nyingine nadai.

Ustadh Kiembesamaki · #20

Wazee wetu walikuwa wanaosha macho kwa maji ya bahari alfajiri, na wanawake wa mwani wako ndani ya maji siku nzima hawaugui amiba. Pengine ni chumvi, pengine ni hiyo oksijeni ya mawimbi. Msidharau.

Binti Mwani Paje · #21

Ustadh, mie ndiye mwanamke wa mwani. Macho yetu yanaugua sana tu, si amiba, ni jua na chumvi. Mama yangu ana kinyama kimetoka pembeni ya jicho kinakwenda kwenye mboni, na wenzake watatu wana hichohicho. Tukitoka majini macho yanawaka. Ukitaka kuosha macho kwa bahari njoo maji makavu saa sita mchana uinamie kamba nawe, halafu tuzungumze dawa.

Ustadh Kiembesamaki · #22

Nimefahamu, mwanangu. Samahani.

Mpemba Asiyevuka · #23

Tukiwa kwenye vimelea vya macho: bibi yangu Konde alikuwa akitwambia vile vidonge vya matende na mabusha tulivyogaiwa skuli vinazuia upofu. Ni kweli au alikuwa anatutisha tuvimeze?

Mwalimu wa Baiolojia Form Four · #24

Bibi hakukosea sana. Kugaiwa kulianza Unguja na Pemba mwaka 2001, albendazo pamoja na ivamektini. Hiyo ivamektini ndiyo dawa ya usubi, upofu wa mtoni. Minyoo yake midogo inatembea ngozini hadi jichoni, ikifa humo ndipo jicho linavimba na kuharibika polepole. Lakini usubi wenyewe haupo visiwani: nzi wake anazaa kwenye mito inayokwenda mbio, nasi hatuna. Uko bara, Mahenge kwa mfano. Na waliovumbua ivamektini, Ōmura na Campbell, waligawana Nobel ya 2015 na huyohuyo Tu Youyou wa Jini.

Jini la Ng'ambo · #25

"Tu Youyou wa Jini". Nitaoa.

Mama Pacha · #26

Salaam. Nimesoma uzi wote sijasema kitu, lakini mnaisifu oksijeni kana kwamba haina ubaya kwa jicho. Wanangu walizaliwa wa miezi saba. Mmoja alikaa kwenye oksijeni wiki nyingi, ndiyo iliyomweka hai, na mpaka leo retina yake inaangaliwa kila baada ya miezi. Daktari alinieleza kuwa mishipa ya nyuma ya jicho la njiti bado inaota, ikipata oksijeni nyingi inasimama, ikitolewa inaota ovyo. Miaka ya arobaini na hamsini huko Marekani na Uingereza maelfu ya watoto walipofuka hivyo kabla hawajajua sababu. Stevie Wonder ni mmoja wao.

Sisemi dada yake Kipanga ni njiti. Nasema jicho halipendi kuzidishiwa.

Bi Mkasi · #27

Ahsante Mama Pacha. Na hata mtu mzima, akiingia chemba siku nyingi mfululizo anaweza kuanza kuona mbali kwa ukungu, inarudi baada ya wiki au miezi. Akizidisha sana, mtoto wa jicho anaharakishwa.

Kipanga wa Bububu · #28

Nimerudi. Leo tulikuwa kliniki. Nimemuuliza daktari habari ya chemba, hakucheka, kasema hajaona mgonjwa wa hivi akiponeshwa kwa njia hiyo, na kwamba hataki jicho likae safarini saa nzima bila matone. Kuhusu rangi ya waridi kasema kaisoma, hapa hana taa.

Dawa ya mtu wa Ulaya imefika, polihekzanidi ya asilimia 0.08. Kasema hii nguvu yake iliidhinishwa huko mwaka 2024, zamani watu walichanganya ya 0.02. Kanchekesha aliponambia jamii hiyohiyo ya dawa ndiyo wanayotia kwenye mabwawa ya kuogelea. Mdogo wangu kasema "basi mimi ni hoteli".

Duara jeupe kwenye kioo bado lipo. Maumivu yamepungua, jana kalala muda wa saa tano bila kuamka ila kwa matone.

Mzungu Mweusi · #29

Al-hamdulillahi. Sasa tukisema ni dawa mpya, Jini atasema ni oksijeni ya usingizini.

Jini la Ng'ambo · #30

Usingizini oksijeni inapungua, Bi Mkasi keshasema. Soma uzi.

Nahodha wa Msuka · #31

Nimempata aliyempeleka Mtaliano. Kasema hivi: yule mtu alikuwa na kitambaa jichoni, kweli, na aliingia chemba, kweli. Lakini aliingia kwa sababu ya goti na bega baada ya kupiga mbizi mara nne kwa siku. Jicho lilikuwa limeumwa tangu kwao. Siku ya kuondoka hana kitambaa.

Mwalimu wa Baiolojia Form Four · #32

Naam! Uzi ufungwe.

Binamu wa Kaskazini · #33

Usifungwe. Mimi ndiye binamu. Nimejiunga leo kwa ajili ya hili. Huyo wa goti ni Mtaliano MWINGINE. Wangu alikuwa mwanamke.

Mpemba Asiyevuka · #34

Lahaula. Kisiwa hiki kina Wataliano wangapi wenye macho mabovu?

Bi Mkasi · #35

Binamu, huyo mwanamke alikuwa anatumia matone gani wakati huohuo? Na nani alimkwangua kioo akaona ni kimelea?

Binamu wa Kaskazini · #36

Hayo sikuuliza. Alisema "parasita".

Mzungu Mweusi · #37

Parasita kwao hata shemegi anayekaa bure nyumbani wanamwita hivyo.

Shani Sokoni · #38

Jamani samahani, nina harusi ya shoga yangu mwezi ujao na lenzi zangu za asali zimo kwenye kasha tangu Idi. Nizitupe na kasha au lenzi tu?

Bi Mkasi · #39

Na kasha. Na kikombe cha chai kama kilihusika.

Kipanga wa Bububu · #40

Saa tisa usiku, simu imelia, zamu yangu. Binamu, kesho njoo wewe uchukue ya saa kumi na ya kumi na moja, maneno ya chemba tutayamalizia hapo kitandani kwake, naye anataka kukuuliza.